Tiba ya mazungumzo: zipi zimepimwa, na jamaa waanzie wapi

Huku kwetu Pwani mtu akikosa usingizi wiki nyingi, akawa hali, hacheki na hataki kuonana na watu, husemwa neno moja tu: "Ana mawazo." Akipelekwa mahali, hupelekwa kusomewa, au kwa mganga, au duka la dawa akanunuliwe vidonge vya usingizi. Ukimtajia mtu ushauri nasaha hukuuliza, "Maneno yataponya nini? Maneno hata barazani yapo."

Swali hilo ni la haki, na ndilo ninalotaka kulijibu. Mimi si daktari. Nimeyakusanya haya kwa ajili ya jamaa wanaotafuta msaada na hawajui waulize nini.

Barazani tunapeana moyo na kupeana rai. Tiba ya mazungumzo ina hatua zinazojulikana, ina idadi ya vikao, na ina shida mahususi inayofanyiwa kazi mpaka ipungue. Tena hupimwa kama dawa inavyopimwa: watu wenye shida moja hugawanywa kwa kura makundi mawili, moja likapata tiba na jingine likapata huduma ya kawaida, kisha wote wakaulizwa maswali yale yale baada ya miezi. Nitataja zile zilizopita kwenye vipimo vya namna hiyo, na kadhaa kati yake zimepimwa hapa hapa Afrika.

Kwa mtu mmoja

Inayojulikana zaidi duniani ni tiba ya fikra na matendo, ambayo washauri huiita CBT. Ilianzishwa na daktari Mmarekani, Aaron Beck, katika miaka ya 1960. Msingi wake ni kwamba fikra, hisia na matendo huvutana. Chukua mama anayeuza mahamri. Wiki moja wateja wamepungua, naye akajiambia, "Mimi ni wa kushindwa tu." Akalala ndani siku mbili bila kupika. Sasa wateja wamekwenda kwingine kweli, na lile wazo limepata ushahidi. Mshauri hamwambii "usijali". Humwuliza: wateja walipungua kwa sababu yako, au kwa sababu shule zimefungwa? Kisha hupanga naye tendo dogo la kesho asubuhi, na wiki ijayo huuliza lilikwendaje. Kwa kawaida tiba hii huchukua vikao kati ya 6 na 20, na kila kikao kina kazi ya kwenda kufanya nyumbani.

Vikao 20 ni vingi kwa mtu anayehesabu nauli. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 utaratibu mfupi uitwao Problem Management Plus: vikao 5, kila kimoja dakika 90. Mtu hufundishwa kutuliza mwili kwa pumzi, kuitenganisha shida inayotatulika na isiyotatulika, kurudi kwenye shughuli alizoziacha, na kuwatafuta watu wa kumshika mkono. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Waliotoa huduma walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Waliopitia vikao hivyo walipata nafuu kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida.

Kwa kikundi

Wenzetu wa Uganda walitangulia. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wenye huzuni nzito walikutanishwa kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na wenyeji. Tiba yenyewe huangalia mahusiano: umefiwa, umegombana na mtu, au maisha yamekugeukia? Baada ya vikao, asilimia 6.5 tu ya waliohudhuria ndio waliobaki na dalili kamili za ugonjwa wa huzuni, ilhali kwa wasiohudhuria walikuwa asilimia 54.7.

Zimbabwe nako wapo bibi wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006. Waganda na Wazimbabwe hawakuanza na majina ya kitaalamu. Kishona kina neno *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, nalo halina umbali na "mawazo" yetu.

Kwa watoto na vijana

Kwa mtoto aliyefiwa na mzazi ipo tiba ambayo humwendesha polepole mpaka aweze kusimulia yaliyompata bila kuvunjika, na mlezi naye ana vikao vyake. Ilipimwa kwa watoto 640 wa Bungoma hapa Kenya na Moshi huko Tanzania, ikitolewa na washauri wasio wataalamu, na kwa upande wa Kenya faida yake ilikuwa bado inaonekana mwaka mmoja baadaye. Kwa wanafunzi wa sekondari upo mpango wa Kikenya uitwao Shamiri: vikao 4 vya kikundi, vikiongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni. Hapa watoto wengi hulelewa na bibi au shangazi, kwa hivyo nalisisitiza hili la mlezi kuwa na vikao vyake. Bibi aliyezika mwanawe naye ana msiba, si mjukuu peke yake.

Kwa familia nzima

Kuna shida ambazo ukimtibu mmoja nyumbani wengine wakabaki vilevile, zitarudi. Tiba ya familia huwakalisha pamoja mume, mke na watoto, ikatazama namna wanavyosemezana. Eldoret ilijaribiwa ya namna hiyo, jina lake Tuko Pamoja, ikitolewa na watu ambao majirani walikuwa tayari wakiwaendea kwa ushauri. Kwetu hao ndio kina somo, wazee wa mtaa, maimamu na wachungaji. Wakipewa mafunzo na msimamizi, kazi wanayoifanya bure kila siku ingekuwa na nguvu zaidi.

Nitakaa kidogo kwenye unga, maana nyumba nyingi za Pwani zinauguza jambo hilo kimya kimya. Mzazi hujua njia mbili: kumfungia na kumtukana kijana, au kumlipia madeni na kumfichia siri. Ipo ya tatu, iitwayo CRAFT, na anayefundishwa ni jamaa, si mraibu. Jamaa hujifunza kutambua ni saa gani na mambo gani humpeleka kijana kwenye kutumia. Humfanyia wema akiwa hajatumia, akalishwa, akasemeshwa vizuri, na wema huo huondolewa akitumia. Huacha kumsafishia makosa yake. Huchagua wakati mzuri wa kumwambia juu ya matibabu, na hujilinda kwanza ikiwa kuna vurugu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, uliohusu walevi waliokataa matibabu, asilimia 64 ya familia zilizofundishwa CRAFT zilifanikiwa kumwingiza mtu wao kwenye tiba. Kwa familia zilizotumia njia ya kumkabili mlevi kwa pamoja, ilikuwa asilimia 30. Ule ulikuwa ulevi wa pombe, lakini somo la kwamba mlango unaweza kufunguliwa na mama kabla mwana hajataka linatuhusu.

Maswali ya kuuliza

Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili. Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, uliza: Umesajiliwa? Unatumia njia gani, na imepimwa kwa shida kama yangu? Vikao vingapi? Tutajuaje kama nimepata nafuu? Na lile linalotutia hofu zaidi katika mitaa tunayojuana hadi mababu: nani mwingine atayasikia haya? Mshauri wa kweli hujibu bila kukasirika, na hukuambia mapema ni lini analazimika kuvunja siri, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini.

Mazungumzo pekee hayatoshi kwa kila kitu. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, au asiyelala siku kadhaa huku akiongea mfululizo na kutapanya mali, anahitaji daktari. Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Dua iendelee, na dawa iendelee. Hakuna inayomfukuza mwenziwe.

Anayetaja kujiua asiachwe peke yake hata dakika moja, na asitishiwe polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Kwa mtoto, 116. Kwa ukatili wa kijinsia, 1195.

Na kama mgonjwa wako amekataa katakata kwenda, nenda wewe kwanza. Kikao cha kwanza kinaweza kuwa chako.