Meli Iliyobadilishwa Jina

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hawakutuambia jina baya hufanywaje. Historia ninayotaka kukusimulia, ndugu msomaji, inajibu: jina baya hubadilishwa, kisha maisha yakaendelea. Ni historia ya meli moja, na ya ripoti ambazo makampuni makubwa huzitoa kila mwaka kutueleza jinsi yanavyotunza mazingira na kuwajali watu. Mambo hayo mawili yalizaliwa usiku mmoja.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 24 Machi 1989. Meli ya mafuta iitwayo Exxon Valdez ilikuwa imeng'oa nanga katika mji mdogo wa Valdez, jimbo la Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani, nayo imeshiba mafuta ghafi. Meli yenyewe bado ilikuwa changa, haijatimiza hata miaka mitatu. Ikatoka kwenye njia yake ili kukwepa vipande vya barafu vilivyokuwa vikielea, isirudi njiani kwa wakati. Dakika chache baada ya saa sita usiku ikapanda mwamba uitwao Bligh Reef. Tumbo lake lilikuwa na ukuta mmoja tu, nao ukapasuka. Kiasi cha galoni milioni 11, yaani lita zaidi ya milioni 40, zikamwagika katika ghuba ya Prince William Sound.

Sasa sikiliza. Mafuta kumwagika hakukuwa jambo ambalo halikufikiriwa. Makampuni yaliyokuwa yakichota mafuta Alaska yaliunda shirika lao moja la kuendesha bomba na bandari, Alyeska, na shirika hilo lilikuwa na mpango wa maandishi, umepangwa vizuri, umepokelewa na serikali. Mpango ulisema ajali ikitokea, vifaa vya kuyazuia mafuta vitafika ndani ya saa kama tano. Kumbe usiku ule tishari la kubebea vifaa hivyo lilikuwa limeharibika, na shehena yake imeteremshwa. Wafanyakazi wakaanza kupakia upya, wengine wakitafuta vifaa chini ya theluji. Tishari lilifika kwenye meli baada ya zaidi ya saa 12. Siku mbili tatu za kwanza bahari ilikuwa shwari kama maji ya mtungi, na kazi ingaliweza kufanyika. Kisha dhoruba ikavuma, ikayasukuma mafuta hadi ufukweni.

Mafuta yalichafua zaidi ya kilomita 2,000 za pwani. Hebu pima: pwani yetu yote ya Kenya, toka Vanga hadi Kiunga, haifiki kilomita 600. Wataalamu walikadiria kuwa walikufa ndege wa baharini 250,000, fisi-maji 2,800 na sili 300. Liko kundi moja la nyangumi wauaji lililokuwa na nyangumi 22. Baada ya ajali tisa kati yao hawakuonekana tena, na tangu hapo hajazaliwa mtoto hata mmoja katika kundi lile. Wapo, wanaogelea, lakini ukoo umekwisha.

Na watu je? Kijiji cha Chenega, cha wenyeji wa asili waitwao Waalutiiq, kilikuwa kimefagiliwa na mawimbi ya tetemeko la ardhi siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1964. Karibu theluthi moja ya wanakijiji walikufa siku ile. Waliosalia walitawanyika miaka 20 ndipo wakajenga kijiji kipya, mwaka 1984. Walipoanza kusema sasa tumefika nyumbani, mafuta yakawafuata, tena Ijumaa Kuu. Watu waliozoea kula samaki, sili na chaza wa ufuko wao wenyewe wakawa wanaogopa chakula cha mababu zao. Jambo kama hilo utaliandika kwenye safu gani ya daftari la hesabu?

Ndipo walipotokea watu wa Boston. Hawa walikuwa wawekezaji, wakiongozwa na mama mmoja, Joan Bavaria, pamoja na vyama vya kutetea mazingira. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kampuni inalazimika kutangaza faida yake kila mwaka, mbona hailazimiki kutangaza madhara yake? Mwaka huohuo wa 1989 walitoa kanuni kumi. Ya mwisho iliitaka kampuni ijikague kila mwaka na kuutangazia umma matokeo. Wakaziita Kanuni za Valdez, kwa makusudi, ili kila atakayeweka sahihi aikumbuke ile meli.

Makampuni makubwa yakazikwepa. Nani anataka kutia sahihi chini ya jina la aibu? Kwa hiyo kanuni zikapewa jina jipya, Kanuni za CERES, kwa jina la muungano wao. Mwaka 1993 kampuni ya mafuta ya Sun ikawa ya kwanza miongoni mwa makampuni makubwa ya Marekani kuzikubali. Mwaka 1997 watu wa CERES na wenzao wakaanzisha GRI, chombo cha kutunga mwongozo wa ripoti hizi kwa dunia nzima. Mwongozo wa kwanza ulitoka mwaka 2000, na baadaye makao yake yakahamia Amsterdam. Mwaka 2004 ripoti moja iliyotoka chini ya Umoja wa Mataifa ikaeneza zile herufi tatu, ESG, maana yake mazingira, jamii na utawala. Mto huo ukatufikia na sisi: Novemba 2021 Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wake kwa makampuni yaliyoorodheshwa, likishirikiana na GRI hiyohiyo.

Na meli? Ilikarabatiwa, ikaitwa Exxon Mediterranean. Ilipigwa marufuku kurudi Prince William Sound. Ikauzwa, ikabadilishwa jina tena na tena, ikaacha mafuta ikawa inabeba madini. Mwaka 2012, ikiitwa Oriental Nicety, ilivutwa ufukweni Alang, nchini India, ikavunjwa kuwa chuma chakavu. Waliokuwa wakiikata sahani kwa sahani walikuta ubavuni jina lisilomkumbusha mtu chochote.

Mimi ninajifunza kuandika riwaya, kwa hiyo nina ugonjwa wa kuuliza kila kitabu: anayesimulia ni nani? Nilipomaliza kidato cha nne nilifanya kibarua kwenye duka la fotokopi. Siku moja ililetwa ripoti ya kampuni fulani tuijalidi. Karatasi zinateleza, picha za watoto wakipanda miche, kila ukurasa "sisi, sisi, sisi." Nikajiambia, kumbe hii ni hadithi ya nafsi ya kwanza! Na kila mwandishi anajua kwamba msimulizi wa nafsi ya kwanza humpenda mhusika wake mkuu kuliko haki. Hasemi uongo lazima. Huchagua tu.

Mifano iko. Septemba 2015 kampuni ya magari ya Volkswagen ilitajwa kuwa ya kwanza katika tasnia yake kwenye orodha mashuhuri ya makampuni endelevu. Mwezi huohuo serikali ya Marekani ikatangaza kwamba magari yake ya dizeli yalitiwa programu ya kuhadaa vipimo vya moshi. Magari kama milioni 11! Orodha ikalifuta jina lake. Mwaka huohuo wa 2015 waandishi wa habari walichapisha hati za kampuni ya Exxon zilizoonyesha kuwa wataalamu wake wenyewe waliwaonya wakubwa wao juu ya joto la dunia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Yaani wanajua ndani, na nje wakawa wanatilia watu shaka.

Basi tuseme ripoti hizi ni porojo, tuzichome? La hasha. Rudi kwenye ule mpango wa Alyeska. Kwa kuwa uliandikwa, tume iliyochunguza ajali iliweza kuuweka mezani na kuuliza: mlisema saa tano, ilikuwaje saa zikapita 12? Ahadi ya mdomo ingeyeyuka na theluji. Maandishi ni kamba ambayo mwandishi hujifunga mwenyewe. Tatizo la Alaska ni kwamba kabla ya usiku ule hapakuwa na mtu wa nje wa kwenda kulitazama tishari.

Ndiyo maana sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko zote ni ile isiyosimuliwa sana. Baada ya ajali, wavuvi, wanavijiji na watu wa miji ya ghuba ile waliunda baraza lao la raia, na sheria ya mwaka 1990 ikalipa nguvu. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoleta amri ya meli za mafuta kuwa na kuta mbili. Gharama za baraza hulipwa na Alyeska, ila Alyeska haina mamlaka ya kuliamuru. Kazi ya baraza ni kuusoma kila mpango, kisha kwenda bandarini kuona kama boti zipo na kama maboya ya kuzuia mafuta yanaelea. Wanasoma karatasi kwa macho ya mtu atakayekula samaki wa pale kesho.

Wale wavuvi hawakupona kwa fidia. Baraza la wazee wa mahakama liliamua mwaka 1994 walipwe dola bilioni 5 za adhabu. Kampuni ikakata rufani, ikakata tena, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Marekani ikazipunguza zikabaki kama dola milioni 507. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Kilichowabakia walio hai ni haki ya kusoma na kuhoji, na hiyo hawajainyang'anywa.

Nasi vijana wa huku, ripoti hizi zinazidi kuandikwa juu ya mito yetu, migodi yetu na mashamba yetu, aghalabu kwa Kiingereza, na aghalabu msomaji anayelengwa yuko mbali, anashika kalamu ya kununua hisa. Ninalolitaka ni dogo. Nakala moja ipelekwe kijijini, kwa lugha ya pale, mbele ya baraza, na mzee aliyekaa ukingoni mwa mto miaka 60 apewe nafasi ya kusema "hapa sivyo." Akishasema, neno lake nalo liandikwe humohumo.