Mtikisiko wa magurudumu na kelele za breki

Mtikisiko wa magurudumu ni hali ya gurudumu la gari kutozunguka kwa utulivu, hata usukani, kiti au pedali ya breki ikatetemeka. Mara nyingi huambatana na kelele za breki, lakini chanzo chake si kimoja. Ili kutambua hitilafu, fundi huuliza kwanza mambo matatu: mtetemo hutokea lini, huhisiwa wapi, na kelele inafanana na nini.

Mtikisiko bila kukanyaga breki

Mtetemo unaoanza katika mwendo wa takriban kilomita 80 hadi 110 kwa saa kwa kawaida hutokana na tairi lisilo na balansi, kwa mfano kama kipande cha risasi kilichowekwa kwenye rimu kimedondoka au tope limeganda ndani yake. Ukihisiwa kwenye usukani, huelekea kuwa wa magurudumu ya mbele. Ukihisiwa zaidi kwenye kiti, wa nyuma. Rimu iliyopinda au tairi lililovimba hutikisa gari hata katika mwendo mdogo.

Chanzo cha hatari zaidi ni nati zilizolegea, kwa sababu gurudumu linaweza kuchomoka. Kwa hiyo nati hukaguliwa kabla ya kitu kingine.

Kisha gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, na gurudumu hutikiswa kwa mikono. Likicheza linaposhikwa juu na chini, beringi au boljointi imechakaa. Msaidizi akikanyaga breki na mchezo huo ukaisha, kosa huwa la beringi. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia tu, tairodi ndiyo hushukiwa.

Mtikisiko wakati wa kukanyaga breki

Usukani au pedali ikitetemeka wakati wa kukanyaga breki tu, mara nyingi unene wa diski haulingani pande zote. Tofauti ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita inatosha kuleta mtetemo. Kwenye breki za dramu, sababu huwa dramu isiyo duara kamili. Hata hivyo, pedali kudundadunda unapofunga breki kwa nguvu penye utelezi ni kazi ya kawaida ya mfumo wa ABS.

Aina za kelele

- Mlio mkali mwembamba: pedi zinakaribia kwisha. Pedi nyingi zina kibati kinachogusa diski ili kumtahadharisha dereva.
- Mkwaruzo wa chuma kwa chuma: pedi zimekwisha. Gari halifai kuendeshwa, kwa kuwa breki hupungua nguvu na diski huharibika.
- Mngurumo unaoongezeka na mwendo: dalili ya beringi. Ukizidi gari linapokata kona kwenda kushoto, beringi ya kulia ndiyo hushukiwa, kwa sababu uzito umeegemea upande huo.
- Mlio wa asubuhi au baada ya mvua: kutu nyepesi juu ya diski. Ukiisha baada ya kukanyaga breki mara chache, si hitilafu.

Rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari, huenda kalipa imekwama na breki haiachii.

Pedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, ili gari lisivute upande mmoja linaposimama.