Wiriyamu: Nani Ajibu kwa Damu ya Raia?

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii hutajwa kila panapozuka vita na raia wakafa. Ni methali ya huruma, na wengi wanaoitaja hawana nia mbaya. Lakini imo hatari moja ndani yake: yaweza kutufanya tuamini kwamba nyasi huumia kwa bahati mbaya tu, kwamba tembo hawakukusudia, na kwa hiyo hapana wa kuulizwa. Leo tunataka kuipima methali hiyo kwa jambo lililotokea kwa jirani zetu wa kusini, ng'ambo ya mto Ruvuma, katika nchi ya Msumbiji, siku ya Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1972.

Kusini ya mji wa Tete, katika bonde la Zambezi, palikuwa na vijiji kadhaa vya wakulima na wafugaji vilivyokaribiana. Kimoja kiliitwa Wiriyamu; vingine ni Juwau na Chaworha. Siku hiyo ndege za Ureno zilikuja kwanza zikadondosha mabomu. Kisha helikopta zikateremsha makomando, nao wakavizingira vijiji. Watu walikusanywa pamoja. Wengine walipigwa risasi. Wengine walisukumwa ndani ya nyumba zao, nyumba zikatupiwa mabomu ya mkono na kutiwa moto. Wanawake, wazee na watoto hawakusazwa. Habari za kwanza zilitaja watu wapatao 400. Miaka mingi baadaye mtafiti Mustafah Dhada, aliyezungumza na manusura, aliorodhesha marehemu 385 kwa majina yao.

Mauaji hayo yalikuwa na chanzo. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya uongozi wa marehemu Dakta Eduardo Mondlane, ilianza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964. Ilianzia katika majimbo ya kaskazini yanayopakana na Tanzania, na mwaka 1968 ikafungua upya uwanja wa mapambano wa Tete. Huko Tete ndiko Wareno walikokuwa wakijenga bwawa kubwa la Cabora Bassa, ambalo kwao lilikuwa nguzo ya utawala waliodhani hautakuwa na mwisho. Wapigania uhuru walipouvuka mto Zambezi na kuelekea kusini, watawala waliingiwa na hofu. Waliwahamisha wananchi kwa maelfu, wakawatia katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa, ili mpiganaji asipate mtu wa kumpa chakula wala habari. Yule aliyebaki nje ya ua, katika shamba lake na karibu na makaburi ya wazee wake, alihesabiwa kuwa adui. Uamuzi huo wa kumhesabu mkulima kuwa adui ndio uliozaa yote yaliyofuata.

Sisi wa Tanzania tunaufahamu uamuzi wa namna hiyo. Katika Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya kusini kwa makusudi, ili njaa ifanye kazi ambayo bunduki zilishindwa kuimaliza. Makisio ya wanahistoria kuhusu waliokufa hufikia watu 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Walikuwa watu wa majumbani mwao ambao hawakupata kushika silaha.

Turudi Tete. Watawala walidhani kwamba habari zitazikwa pamoja na maiti. Lakini manusura wachache walifika mjini, na mapadri wakawasikiliza. Padri Domingos Ferrão, mzalendo wa Msumbiji, pamoja na wamisionari wa Kihispania, walikusanya ushahidi na majina ya marehemu. Ushahidi huo ulitolewa nje ya nchi kwa siri, na tarehe 10 Julai 1973 gazeti la The Times la London likachapisha habari hiyo kutoka kwa padri Mwingereza, Adrian Hastings. Siku chache baadaye Waziri Mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, aliwasili London kuadhimisha miaka 600 ya mapatano ya urafiki baina ya Uingereza na Ureno. Alipokewa na maandamano ya watu waliotaka kujua habari za Wiriyamu.

Yako majibu matatu ambayo hutolewa na wenye kutenda mambo kama haya, na katika habari ya Wiriyamu yote matatu yalisikika. Ni vyema tuyatazame moja moja.

Jibu la kwanza ni kukana. Serikali ya Ureno ilidai kwamba kijiji chenye jina hilo hakikuwapo. Ni kweli hakikuonekana katika ramani zao, na baada ya tarehe 16 Desemba hakikuonekana hata juu ya ardhi. Lakini watu waliozaliwa hapo, wakaoa na kuolewa hapo, na kuzikwa hapo, hawakuhitaji ramani ya mkoloni ili wawe watu.

Jibu la pili lina uzito zaidi, na hata leo hutolewa na majeshi mengi duniani. Husemwa kwamba wapiganaji wa msituni hujificha kati ya raia, na kwa hiyo raia wakifa, lawama ni ya waliojificha. Tulipime jibu hili kwa haki. Ni kweli kwamba wapigania uhuru walipita katika vijiji vya Tete, na kwamba wananchi waliwapa chakula. Vita vya ukombozi haviwezi kupiganwa bila wananchi. Lakini Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza kumwua mtu asiyeshiriki katika mapigano. Na Itifaki ya mwaka 1977 ikafafanua kwamba kuwapo kwa wapiganaji wachache kati ya raia hakuwaondolei raia hao haki ya kulindwa. Na hata kama mikataba hiyo isingeandikwa, akili ya kawaida ingetosha. Mtoto mchanga aliyechomwa katika nyumba ya mama yake hakumpa mpiganaji yeyote chakula wala habari. Aliyemwua hakumkosea shabaha mtu mwingine, alimkusudia yeye. Hapa ndipo methali yetu inapopungukiwa. Wiriyamu hapakuwa na tembo wawili waliopigana. Alikuwapo tembo mmoja, naye alikuja kwa ajili ya nyasi.

Hata hivyo, haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Anayepigania uhuru akila chakula cha mwanakijiji amechukua deni: deni la kumwonya adui anapokaribia, la kumsaidia kuhama, la kutomwacha peke yake siku ya kisasi. Sisi wa Tanzania, tuliowapa FRELIMO makao, kambi na nafasi katika redio, tulishiriki katika deni hilo kwa kiasi chetu. Ndiyo maana ilikuwa wajibu wetu kuwapokea wakimbizi waliovuka Ruvuma. Lakini deni la kumlinda mtu si sawa na hatia ya kumwua. Anayechanganya mambo haya mawili anataka muuaji aondoke bila kuulizwa.

Jibu la tatu ni amri. Askari husema ameamriwa na afisa. Afisa husema ameamriwa na mkubwa wake. Na mkubwa, akiwa mbali mezani pake, husema hakuagiza mauaji bali aliagiza ushindi. Mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Kinazi mwaka 1945 na 1946, ililikataa jibu hilo mbele ya dunia nzima. Lawama si mkate, kwamba ukigawiwa watu kumi kila mmoja hupata kipande kidogo. Aliyefyatua risasi anaibeba, aliyeamuru anaibeba, na Jenerali Kaúlza de Arriaga na serikali ya Lisbon, ambao vita vile viliendeshwa kwa amri zao, wanaibeba. Afisa kijana aliyewaongoza makomando siku ile alikuja kukiri yaliyotendeka mbele ya waandishi wa habari wa nchi yake. Kukiri ni hatua, lakini hakukuwa hukumu.

Wala tusifiche kwamba mikono iliyotenda haikuwa ya Wareno peke yao. Jeshi la mkoloni liliandikisha Waafrika wengi, na katika ushahidi wa manusura anatajwa mtu wa polisi wa siri, Mwafrika, aliyekuwa akihimiza kwamba wote wauawe. Ukoloni ulimtumia, lakini haukumwondolea dhamiri. Vilevile wako wale waliokaa mbali. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO tangu mwaka 1949, na ndege za Fiat G.91 ilizozitumia katika vita vya Msumbiji zilitoka Ujerumani ya Magharibi. Anayemwuzia mtu kisu huku akijua nyumba anayoiendea hawezi kusema kwamba alikuwa mfanyabiashara tu.

Ndugu msikilizaji, kipimo hiki kisiwe cha kuwapimia wageni pekee. Tarehe 18 Julai 1987, Msumbiji ikiwa imekwisha kuwa huru, watu 424 waliuawa katika mji wa Homoíne, jimbo la Inhambane, wakiwamo wagonjwa waliokuwa hospitalini. Serikali ilisema ni kazi ya Renamo, Renamo ikakana. Vita vile vilikwisha kwa mapatano ya Roma ya mwaka 1992, na msamaha wa jumla ukatolewa. Amani ilikuwa lazima, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu Wasumbiji kwa kuichagua. Lakini waliokufa Homoíne, kama waliokufa Wiriyamu, hawakuulizwa kama wanasamehe.

Wareno nao waliondoka bila hesabu kufanywa. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wao wenyewe, waliochoshwa na vita vya Afrika, waliuangusha utawala wa Caetano. Mapatano ya Lusaka yalitiwa saini tarehe 7 Septemba mwaka huo, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa ajili ya Wiriyamu. Ilipita karibu nusu karne kabla Waziri Mkuu wa Ureno, António Costa, hajasimama Maputo, mwezi Septemba 2022, akayataja mauaji hayo kwa jina na kuyaita kitendo kisicho na udhuru. Mwaka uliofuata, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi kwa yale ya Maji Maji, baada ya zaidi ya miaka 100.

Maneno hayo hayamfufui mtu, wala hayawezi kuchukua nafasi ya mahakama. Lakini yana thamani moja tusiyopaswa kuidharau: yanaondoa lile jibu la kwanza, jibu la kukana, na kulifungia njia. Yamewezekana kwa sababu mapadri wachache na manusura wachache, wakati wa hatari kubwa, walikubali kuandika majina. Kama wasingefanya hivyo, Wiriyamu ingebaki kuwa uvumi, na muuaji angebaki na ramani yake isiyo na kijiji.

Hilo ndilo fundisho kwa nchi zetu, ambazo hata sasa mipaka yake huvukwa na watu wanaokimbia vita. Kila raia anapouawa, tusikimbilie methali ya tembo na nyasi. Tuulize kwanza jina la marehemu. Kisha tuulize nani alifyatua, nani aliamuru, nani alitoa silaha na nani alinyamaza. Maswali hayo yasipoulizwa mapema, wajukuu watakuja kuyauliza, nasi pia tutakuwa miongoni mwa watakaotakiwa kuyajibu.