Vumbi la Mbao Mjini Morogoro
Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipofika Morogoro mwaka 1907, mji huo ulio chini ya milima ya Uluguru ulipata njia nyepesi ya kusafirishia mizigo mizito, mbao zikiwamo. Lakini vumbi la mbao halikuwashughulisha wengi, kwa kuwa gogo lilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mwenziwe shimoni, naye huyu wa chini ndiye aliyepokea unga mwingi machoni na kifuani, hata naona alistahiki ujira mkubwa zaidi. Walakini kazi ile ilikuwa mahali pa wazi, na upepo wa mlimani ulichukua sehemu yake.

Misumeno na randa za umeme zilipoingia ndani ya karakana, unga ulifungiwa humo pamoja na fundi; na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitamka bayana kwamba vumbi la mbao huleta saratani.

Dawa ya vumbi hilo yajulikana tangu karne ya 19: hewa huvutwa kwa feni, ikaingizwa kwa ubavu katika chombo cha mviringo, ikazunguka kwa kasi, taka nzito zikaangukia pipani. Fundi hodari aweza kukiunda kwa bati na bomba, ila pipa lisipozibwa barabara, hewa hupenya na kuupandisha unga tena. Na ule laini kabisa, wenye madhara makubwa, aghalabu hauanguki. Basi, ewe fundi, bomba la kutolea hewa lielekeze nje, mbali na dirisha la jirani, wala barakoa usiivue.