LAURION: MGODI WA FEDHA NA RISASI ULIOIPA ATHENS JEURI

Haya wadau, leo tuko Ugiriki. Shuleni tuliambiwa Athens ndiyo mama wa demokrasia, mji wa wanafalsafa na wa manowari zilizowapiga Waajemi. Poa. Ila hela ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka chini ya ardhi, kwenye machimbo ya Laurion, na wengi walioitoa hawakuwa na kura hata moja. Hiyo ndiyo stori ya leo.

UKO WAPI?

Laurion (siku hizi Wagiriki wanaita Lavrio) iko kusini mashariki ya Athens, kama kilomita 60 hivi, karibu na rasi ya Sounion. Ni vilima vikavu, mvua kidogo, mto wa maana hakuna. Ukipita juu unaona mawe na vichaka tu. Chini yake kuna mashimo zaidi ya 1,000 ya wachimbaji wa kale, na mengine yanashuka zaidi ya mita 100.

Watu walianza kuchimba zamani mno. Sehemu inayoitwa Thorikos, ambako wanaakiolojia wa Ubelgiji wamekuwa wakifukua tangu 1963, kuna vyungu vilivyokutwa mgodini vinavyoonyesha kwamba kazi ilishaanza zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Juu kidogo ya mgodi huohuo kuna ukumbi wa maigizo wa mawe, umbo lake limerefuka kama yai. Kwa hiyo palikuwa na mji kabisa, na watu waliishi na kustarehe palepale.

FEDHA INATOKAJE KWENYE RISASI?

Kiswahili chetu hapa kinasaidia. Fedha ni madini, fedha ni hela. Risasi ni madini, risasi ni ile ya bunduki. Laurion ilikuwa yote hayo: fedha ikageuzwa sarafu, risasi ikageuzwa vipande vya kurushia kwa kombeo vitani. Risasi pia ilimiminwa kwenye vyuma vinavyoshikanisha mawe ya mahekalu ili visipate kutu.

Jiwe lenyewe linaitwa galena. Linang'aa na ni zito, lakini ndani yake ni risasi hasa, fedha ni kidogo sana. Tani nzima ya risasi ilitoa kilo chache tu za fedha. Kazi ilikwenda hivi:

1. Jiwe linavunjwa kwa nyundo, kisha linatwangwa na kusagwa.

2. Unga unaoshwa kwenye sakafu ya mawe yenye mteremko. Maji yanabeba uchafu mwepesi, yale mazito (makinikia) yanabaki. Kwa kuwa maji ni shida, walijenga matangi ya kukinga mvua, wakayapiga plasta isiyovuja, na maji ya kuoshea yakawa yanazungushwa yatumike tena. Matangi na sakafu hizo bado zipo, unaweza kwenda kuziona.

3. Makinikia yanayeyushwa kwenye tanuru, inapatikana risasi yenye fedha ndani.

4. Risasi inachomwa tena kwa moto mkali huku ikipulizwa hewa. Risasi inageuka kuwa kitu kama ungaunga na kujitenga, fedha inabaki peke yake. Moshi wa hatua hizi mbili ni sumu.

Fedha hiyo ndiyo iliyopigwa sarafu za Athens, upande mmoja mungu wao Athena, upande wa pili bundi. Sarafu za bundi zilipokelewa nchi nyingi kama dola ya wakati ule.

BAHATI YA MWAKA 483 KK

Mwaka 483 KK hivi ulipigwa mshiko wa nguvu. Serikali ya Athens ikajikuta na talanta kama 100, yaani zaidi ya tani mbili na nusu za fedha. Wananchi wakataka wagawane, drakma 10 kila mtu. Jamaa mmoja mwanasiasa, Themistocles, akasimama akasema hapana, tujenge meli za vita. Alitumia kisingizio cha ugomvi na kisiwa cha jirani, Aegina. Watu wakamkubalia.

Miaka mitatu baadaye, 480 KK, Waajemi wakaja na wakauchoma mji wa Athens. Lakini meli zile zikawakabili kwenye mlangobahari wa Salamis, na kundi la Waajemi likavunjwa. Wapiga makasia wengi walikuwa raia maskini, na kwa kuwa mji sasa uliwategemea wao, sauti yao kwenye siasa ikapanda. Ndiyo maana wanahistoria wengi wanaunganisha mgodi huu na demokrasia ya Athens.

SASA NANI ALICHIMBA?

Watumwa. Ardhi ya chini ilikuwa mali ya dola, matajiri walikodishiwa vitalu, na mikataba ikachongwa kwenye mawe ambayo yamefukuliwa katikati ya Athens. Tajiri aliingiza watumwa wake au akakodi wa mwenzake. Mwandishi Xenophon anasema mkuu wa jeshi Nicias alikuwa na watumwa 1,000 aliowakodisha kwa oboli moja kila mmoja kwa siku. Piga hesabu: oboli 6 ni drakma 1, na drakma 1 ilikuwa ujira wa siku wa fundi. Nicias alikuwa anaingiza ujira wa mafundi zaidi ya 160 kila siku bila kushika nyundo. Na mkataba ulidai idadi isipungue: akifa mmoja, aliyekodi alete mwingine.

Njia za chini nyingi hazifiki hata mita moja kwenda juu. Mtu alichimba akiwa amelala au amepiga magoti, taa ya mafuta ikiwa kwenye kijitundu ukutani. Mwaka 2016 watafiti walioingia kwenye njia za Thorikos walisimulia joto na hewa finyu, na wao walikuwa na vifaa vya kisasa!

Majina ya watu hawa karibu yote yamepotea. Mmoja tumempata: Atotas, mtu wa Paphlagonia, pwani ya Bahari Nyeusi. Maandishi ya kaburi lake yanajigamba kwamba hakuna aliyemfikia kwa ufundi, na kwamba ukoo wake ni wa shujaa wa vita vya Troy. Hata mgodini mtu alijua yeye ni nani.

Na hawakukaa kimya. Mwaka 413 KK Wasparta walipoweka ngome Decelea, watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka Athens, na wengi walikuwa mafundi. Kwenye mwaka 100 KK hivi wachimbaji wa Laurion waliua walinzi wao na kuiteka ngome ya Sounion.

KUFA, KUFUFUKA, KUFA TENA

Karne ya kwanza mwandishi Strabo alikuta mawe yameisha, watu wanachoma upya mabaki ya zamani. Pakalala. Miaka ya 1860 Muitaliano Serpieri akagundua kwamba ile milima ya mavi ya tanuru bado ina risasi nyingi. Kampuni ya Wafaransa ikafuata, reli ikafika 1885, na mwaka 1896 mgomo mkubwa wa wachimbaji ukaisha kwa damu. Uchimbaji ulikoma miaka ya 1970. Majengo ya kampuni sasa ni kituo cha teknolojia na utamaduni chini ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Athens.

Fedha imekwisha, risasi haijaondoka. Vipimo vya watoto wa Lavrio miaka ya 1980 vilikuta risasi nyingi kwenye damu, na udongo bado umechafuka. Hata barafu ya Greenland ina vumbi la risasi la enzi za Wagiriki na Warumi, lilipimwa mwaka 1994.

Kwa hiyo ukisikia tena sifa za Athens, zikubali tu, ila mkumbuke na Atotas. Meli za Salamis zina wenyewe wawili: aliyepiga kura zijengwe, na aliyelala chini ya jiwe na taa yake.

Maoni yenu wadau, uwanja ni wenu hapo chini.