Upakaji wa Dawa ya Kuzuia Maji Baada ya Kuosha Sakafu za Nje

Watoa huduma wanaoosha sakafu za nje kwa mashine za maji ya presha wanaweza kuongeza kipato kwa kupaka dawa ya kuzuia maji kupenya kwenye vitofali na zege. Zege jipya huachwa likomae kwa siku 28. Sakafu iliyooshwa sharti ikauke kabisa, kwa kawaida saa 24 hadi 48. Unyevu ukifungiwa ndani, dawa hugeuka nyeupe, hubanduka, na kazi hurudiwa. Mchanga uliotoka kwenye maungio urejeshwe, na dawa ijaribiwe kwanza sehemu ndogo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kujikinga.