Kuni, Lori na Kichwa cha Mpagazi

Habari za kuni haziandikwi sana. Vitabu vya historia hutaja vita, watawala na mipaka. Lakini hakuna chakula kilichopikwa Kasongo, wala tofali lililochomwa Kabambare, pasipo mtu kuleta kuni kwanza. Basi tuulize: kuni hizo zilichukuliwa na nani, kwa chombo gani, na chombo hicho kilimpunguzia nani mzigo?

Zamani za misafara, watu wa pwani walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, wakapita Kabambare, wakafika Kasongo na Nyangwe. Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip na mwanawe Sefu, hata majeshi ya Serikali ya Kongo, yakiongozwa na Dhanis, yalipouteka tarehe 22 Aprili 1893. Katika njia hiyo pembe zilisafiri mabegani mwa watu, na kuni za kupikia ziliingia mjini vichwani na migongoni mwa watu vilevile.

Kwa nini hawakutumia magari? Si kwamba gurudumu halikujulikana. Gari lataka mnyama wa kulikokota, na ng'ombe na farasi hawadumu penye ndorobo. Kwa hiyo mtu mwenyewe alifanywa gari.

Mwaka 1902 ilianzishwa kampuni ya reli iliyoitwa kwa kifupi C.F.L. Mwaka 1906 reli ya Stanleyville mpaka Ponthierville, kilomita 125, ilikwisha. Mwaka 1910 ilikwisha ile ya Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, upande wa magharibi wa Lualaba. Watu walidhani mzigo umepata mbebaji mpya. Kweli umempata, lakini mbebaji huyo alikuwa na njaa. Magari ya moshi yalikula kuni, na stima za mtoni zilikula kuni. Kandokando ya mto Kongo vikawekwa vituo vya kuni, na watu wakakata na kupanga miti kwa kipimo cha steri, yaani fungu lenye urefu, upana na kimo cha mita moja moja. Mashini iliyompumzisha mpagazi ilimwita jirani yake ashike shoka.

Tena Kasongo na Kabambare ziko mashariki ya mto, na reli haikufika huko. Vita vya 1914–1918 vilipokuja, watu zaidi ya 200,000 walitwaliwa wawe wapagazi wa jeshi la Kongo, lile lililoingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Wengi hawakurudi makwao.

Baada ya vita hivyo zikaja barabara na lori, ambazo sisi wa Kongo twaziita kamio. Na tela yake twaiita remorke. Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Steri moja ya kuni kavu ina uzito wa kilo 500 hivi. Mwanamke akichukua kilo 25, steri hiyo ni safari 20. Lori la tani tano huchukua steri kumi, nazo ni safari 200 za mwanamke. Likifungwa tela, mzigo huongezeka sana, kwa kuwa injini yaweza kukokota kuliko inavyoweza kubeba. Ila tela ina masharti yake. Mlimani hurudisha lori nyuma, mteremkoni hulisukuma, na penye daraja la magogo huongeza uzito juu ya miti ambayo pengine imekwisha oza.

Kwa sababu hiyo barabara ilitunzwa kwa ukali. Mvua ikinyesha, kizuizi hufungwa, na lori hungoja mpaka udongo ukauke. Kantonye alipewa kipande chake cha njia, afyeke majani na kuzibua mifereji. Lakini tusisahau kwamba barabara zile hazikuwa zawadi. Wanavijiji walilazimishwa kuzilima kwa jembe na kuzitengeneza mwaka hata mwaka.

Na kuni za lori zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye tanuru za matofali, kwenye kambi, kwenye shule na hospitali. Mama wa kijijini aliliona lori likipita, akarudi porini na kikapu mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Wahenga walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Baada ya uhuru wa 1960 njia zilianza kufa. Mwaka 1964 maasi yaliingia Maniema. Mwaka 1971 serikali iliunda Ofisi ya Barabara, lakini kazi ilikuwa kubwa kuliko fedha. Vita vya 1996 mpaka 2003 viliongeza hasara. Mfereji ukiziba, maji hupita katikati ya njia na kuchimba shimo. Shimo likiwa korongo, lori halipiti tena. Hapo mzigo hushuka ngazi moja moja: kutoka tela hadi lori tupu, kutoka lori hadi baiskeli inayosukumwa kwa mkono, kutoka baiskeli hadi mgongoni mwa mama.

Basi tusidanganyike kwamba ni mashini peke yake iliyomwokoa mpagazi. Lori lenye nguvu hushindwa na daraja la magogo manne yaliyooza. Aliyezibua mfereji amepunguza kilo nyingi kichwani mwa mtu asiyemjua.

Na wakati barabara inangoja kutengenezwa, liko neno ambalo kila nyumba yaweza kulifanya. Mti uliokatwa leo una maji mengi, pengine nusu ya uzito wake. Ukatwe mapema, upasuliwe, uachwe porini ukauke kabla ya kuchukuliwa. Mama anayeleta kuni mbichi anabeba maji mara mbili: mara moja kutoka mtoni, na mara ya pili ndani ya mti. Vijana wenye shoka na baiskeli wanaweza kumwondolea safari moja kati ya hizo mbili, hata kabla lori halijarudi Kabambare.